Gari la Kusukuma Nyuma

Kigombe, 14 Januari 2024

Mwanangu Loveness,

Marahaba. Shikamoo yako imefika pamoja na barua na ile pakiti ya kahawa, konda Msafiri kaleta vyote mpaka mlangoni. Mimi mzima. Mguu umevimba, lakini huo ni mguu, si mimi. Ninyi je? Kifua cha Bryson kimetulia? Mwambie mkwe wangu nimemwombea, maana Mchaga akikohoa hawezi kupatana bei, na Mchaga asiyepatana bei huyo ni mahututi.

Simu usinitajie tena. Masikio yangu niliyaacha kwenye bomba la moshi la Datsun miaka arobaini iliyopita, sasa simu nitaisikilizia wapi? Kuandika nilijifunza ukubwani, kwenye kisomo cha jioni pale kambi ya wakata mkonge, na mwalimu alisema Fanueli ungeanza mapema ungekuwa hakimu. Barua zangu hazijawahi kukushinda kusoma.

Sasa hilo jambo lako. Unaniuliza kama mtu anayeuliza nyanya sokoni: baba, nichukue gari lipi? Mwenye gereji yenu hapo Arusha, huyo Nehemia, anakupa Subaru yake ya miguu minne, tairi zote nne zinafanya kazi, uje nayo kwenye mashindano ya mbio za magari ya Tanga mwezi wa tano. Na huku bandani kwangu ipo Datsun inayosukumwa na tairi za nyuma tu. Halafu unauliza lipi.

Sikiliza nikufundishe. Kwenye shamba la mkonge mkataji anakata, mbebaji anabeba, nyapara anaonyesha njia. Kila mtu na kazi yake, na mkonge unafika. Datsun ndivyo ilivyo. Tairi za mbele zinaonyesha njia, za nyuma zinasukuma. Hilo Subaru tairi za mbele zionyeshe njia na zivute pia, ndiyo maana ukikata kona linakwenda moja kwa moja kama mbuzi aliyeona majani. Tena gari la nyuma linazungumza na makalio yako. Likitaka kuteleza linakuambia mapema, unalidaka kwa usukani, unakanyaga mafuta kidogo, mkia unarudi. La miguu minne limenyamaza, limenyamaza, siku likisema limeshakutupa.

Mwaka 1984 walikuja watu wa Moshi, wa Dar, na wa Mombasa na magari yaliyotoka melini juzi. Nikapita pale korona, mashine inapochakatia mkonge, gari limekwenda ubavu, mkia mbele kuliko pua. Wafanyakazi waliacha singa kwenye mashine wakatoka kunitazama. Wa pili alifika nimeshakunywa chai.

Basi jibu unalo.

Ni mimi baba yako,
Fanueli


Arusha, 2 Februari 2024

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Nakushika miguu yote miwili, hata huo uliovimba, na naomba umwone daktari, na wa macho pia, maana mistari yako sasa inapanda kilima. Sisi tu wazima. Bryson kifua kimepona na anasema Mpare akimwombea mtu bure kuna jambo analitafuta.

Baba, sikukuuliza kwa sababu sijui. Nilikuuliza kwa sababu sipendi kwenda na gari ambalo hukuliridhia. Wiki iliyopita mvua ilinyesha tukaenda kujaribu kwenye njia za mashamba ya kahawa. Nilipanda Subaru, kisha nikapanda gari la mteja mmoja linalosukuma nyuma, lina nguvu kuliko Subaru. Udongo ukiwa mkavu la nyuma ni tamu, sikatai. Mkia unakwenda unakotaka, nilicheka peke yangu kama mwehu. Ila kwenye tope, baba, nguvu zote ziliishia kuzungusha tairi mbili. Na nikizidisha mwendo kwenye kona na Subaru, nakanyaga mafuta, tairi nne zinatafuta pa kushika, moja ikikosa nyingine inapata. Natoka nimechafuka lakini natoka. La nyuma nikikosea nina nafasi moja tu ya kurekebisha, na nafasi yenyewe ni fupi.

Mashindano ni mwezi wa tano. Masika yatakuwa hayajaisha.

Bryson ndiye atakayenisomea njia, kama kawaida. Anasema yeye kazi yake ni kukaa kushoto na kusoma, lakini kama kura yake ipo, anaipigia miguu minne. Nehemia kasema nikimaliza vizuri Tanga ataniandikisha msimu mzima. Mwanamke ni mimi peke yangu kwenye orodha. Wewe ndiye uliyenifundisha usukani kwenye barabara za mkonge nikiwa nimekalia mto ili nione mbele, kwa hiyo nisamehe nikikubishia. Umenifundisha na kubisha pia.

Binti yako,
Loveness


Kigombe, 20 Februari 2024

Loveness,

Salamu zimefika, na mimi nawasalimu. Hali yangu ni ya kawaida.

Chukua Subaru. Nani kakuzuia? Gari la kumsamehe dereva, ndivyo unavyosema. Mimi Datsun yangu haikunisamehe hata siku moja, ndiyo maana nikawa dereva. Gari linalosamehe linalea wapumbavu. Lakini chukua, siku hizi kila kitu kinasamehe.

Datsun nimemwambia Semeni jirani afugie kuku. Semeni kasema, "Mzee Fanueli, mie kuku wangu hawalali ndani ya jeneza la bati." Huyo mwanamke ana ulimi, lakini samaki wake anapika vizuri.

Nikwambie jambo moja halafu ninyamaze. Tangu tulipomzika mama yako nimebaki na vitu viwili. Wewe uko Arusha. Datsun ipo hapa, na kila Jumapili nikitoka kanisani naiwasha. Siisikii kwa masikio, lakini nikisimama mbele yake sauti inaingia hapa kifuani. Katika sauti zote za dunia hiyo ndiyo imebaki. Mchungaji simsikii, wimbo siusikii, wewe ukija huwa naangalia midomo. Datsun naisikia. Nilitaka siku hiyo ya mwezi wa tano nikae pale mwisho wa njia, niisikie inakuja, na ndani yake uko wewe.

Subaru itapita mbele yangu kama kivuli.

Lakini chukua.

Baba yako


Arusha, 17 Machi 2024

Baba,

Shikamoo. Natumaini mguu umepungua. Huku tu wazima isipokuwa joto.

Umeshinda. Nakuja na Datsun. Nehemia alinuna siku mbili, kisha akasema basi atatuma lori lije kuichukua, tutaifunga breki mpya na viti vya mbio na vyuma vya kuzuia paa lisibonyee. Bryson kacheka sana. Kasema, "Mpare amekata rufaa mpaka amepata hakimu anayemtaka."

Sasa nina ombi. Njia za mashindano ni tatu. Mbili tulizipita mwaka jana, tuna madaftari yake, kila kona imeandikwa. Ya tatu ni mpya kwetu, ile ya ndani ya shamba lako la zamani, kuanzia reli ya troli za mkonge kupita korona mpaka karibu na barabara ya Pangani. Siku ya kuikagua ni Alhamisi kabla ya mashindano, na Bryson kazini hawampi ruhusa mpaka Ijumaa, tutaingia Tanga Ijumaa jioni. Chama cha mbio kinaruhusu mtu kusoma daftari lililoandikwa na mwingine. Unaweza kutuandikia? Ila baba, nakuomba uitembee kwanza. Mashamba yamebadilika. Kama mguu hauwezi, niambie tu, nitamwomba dereva mwingine atuazime daftari lake. Hakuna ubaya wowote.

Binti yako,
Loveness


Kigombe, 21 Aprili 2024

Mwanangu Loveness na mkwe wangu Bryson,

Salamu nyingi na afya. Nimefurahi mpaka nimechinja jogoo, na Semeni kala paja pamoja na dharau zake zote.

Lori lilikuja, Datsun imeondoka imekaa juu kama bwana harusi. Dereva wa lori aliniuliza mzee hili nalo linakimbia? Nikamwambia nenda ukawaulize wa Mombasa.

Dereva mwingine akuazime daftari, njia yangu mimi? Daftari hili hapa namkabidhi Msafiri. Nimeitembea mwenyewe siku mbili kwa miguu yangu, mwanzo mpaka mwisho. Bryson asome hivi. Kona laini nimeiita kijiko. Kona kali nimeiita jembe. Kona inayorudi nyuma kabisa nimeiita mundu. Umbali ni kwa hatua zangu, hatua yangu ni ndefu kuliko yako Mchaga. Ukivuka reli ya troli, hatua mia mbili, kijiko kushoto. Halafu jembe kulia, pana kokoto. Ukipita korona kuna mwinuko, na hapo ndipo niliposhindia mwaka 84. Wengine wote waliogopa kwa sababu juu huoni mbele. Mimi sikuachia mafuta. Juu ya mwinuko nimeandika: kaza, usiachie, njia imenyooka. Hapo ndipo mtakapowaacha hao wa miguu minne.

Sikubaki na nakala. Kichwa changu ndiyo nakala.

Nitakuwa mwisho wa njia na kiti changu.

Baba yenu,
Fanueli


Arusha, 9 Mei 2024

Baba, shikamoo.

Daftari limefika salama. Mimi sijaligusa, unajua mwiko wetu, daftari ni la msomaji na dereva ni masikio tu. Bryson amelikariri mpaka anaota mundu. Datsun inanguruma, majirani wamelalamika. Mvua huku haikatiki. Tutaonana Jumamosi tarehe 18, vaa koti.

Bryson anaomba mstari:

Baba mkwe, shikamoo. Nitasoma kama ulivyoandika, neno kwa neno, sipunguzi wala siongezi, usije ukanifungulia kesi. Mkwe wako, Bryson.

Binti yako,
Loveness


Arusha, 30 Juni 2024

Baba,

Shikamoo. Naandika kwa mkono mmoja, mwingine bado umefungwa.

Wiki sita nimengoja barua yako. Ulikuja pale hospitali Tanga, ukakaa kwenye benchi, ukatazama ukuta, ukaondoka bila kunishika hata mkono. Kwenye mazishi ya Bryson kule Rombo hukuja. Watu wa upande wa Bryson waliuliza mara tatu, baba wa mwanamke yuko wapi? Nikasema mguu. Hata wa kukuwakilisha hukutuma. Unajua kwetu na kwao jambo hilo lina maana gani.

Lakini siandiki kwa hilo. Naandika kukuuliza.

Nakumbuka korona. Nakumbuka mwinuko, na Bryson anasoma. Nakumbuka "kaza". Nilikaza. Tulipofika juu, njia haikuwa mbele. Ilikuwa imekata kulia kama mundu, na mbele yetu mfereji. Nilivuta usukani, mkia ukatoka kushoto, nikaudaka, ukarudi kidogo, kisha tope likauchukua tena. Tukaenda ubavu. Ubavu wa kushoto, baba, alipokaa yeye.

Baada ya hapo sikumbuki, na kabla ya hapo sina hakika. Daftari lililowa mferejini likawa uji. Daktari anasema kichwa kikigongwa kinapoteza vitu. Nafikiri Bryson alisema mundu, nami sikumsikia kwa sababu ya injini. Au nilisikia na sikuamini, kwa sababu nilitaka kupita pale kama wewe ulivyopita. Kwao wanasema mwanamke amemuua mume wake kwa mwendo. Mama yake, Mama Devota, hasemi kitu. Namsalimu anaangalia pembeni, na huyu ndiye aliyekuwa ananiita mwanangu kuliko anavyomwita Bryson.

Wewe uliitembea ile njia. Baada ya mwinuko uliandika mundu, siyo? Niambie tu kwamba neno hilo lilikuwepo na mimi nililikosa. Nitalibeba, lakini nataka kujua ninachobeba.

Loveness


Kigombe, 14 Julai 2024

Mwanangu,

Salamu. Pole kwa mkono. Mimi naendelea.

Barua yako nimeisoma. Mimi niliandika njia kama ninavyoijua. Mvua ile ilikuwa kubwa, dereva yeyote angekosa. Datsun haina lawama, breki zilikuwa mpya, gari la nyuma kwenye tope linataka mkono mwepesi na wewe ulikuwa na wasiwasi wa siku ya kwanza. Usijilaumu sana. Kazi ya Mungu haina makosa.

Mazishini nilishindwa kwa ajili ya mguu.

Pumzika, mkono ukipona utarudi kwenye usukani. Mimi nilipinduka mwaka 81 na nikarudi.

Baba yako


Arusha, 4 Agosti 2024

Baba,

Asante kwa kunijibu. Basi ni mimi.

Nimekwenda Korogwe dukani kwa Mama Devota nikamwambia hivyo mbele ya shemeji zangu, kwamba daftari lilikuwa sahihi, Bryson alisoma sawasawa, kosa ni langu. Alinisikiliza akaingia ndani.

Kwa Nehemia nimeacha. Nafanya kazi kwenye duka la vipuri, nasoma namba za maboksi. Usukani sijashika na sitashika.

Nakuomba usiniandikie kwa muda.

Loveness


Kigombe, 6 Oktoba 2024

Mwanangu Loveness,

Ulisema nisiandike. Mimi nabisha, unanijua.

Salamu. Afya yangu si kitu. Walileta Datsun kwa lori lile lile, wakaishusha bandani. Ubavu wa kushoto nimeugeuzia ukutani. Jumapili siiwashi.

Siku ile nilikaa mwisho wa njia na kiti changu, nimeweka kiganja kifuani, nangoja. Yalipita magari sita. Niliwaambia watu, la saba ndilo langu, tulieni mtaona. Niliendelea kushika kifua mpaka Semeni akaja akasimama mbele yangu, nikamsoma midomo.

Semeni hanipikii tena. Alinikuta barazani akasema, nami nikayasoma maneno yake vizuri kuliko nilivyotaka: "Mzee, mie nakujua. Umemwandikia mtoto nini wewe?" Nikamwambia mambo ya ndani ya nyumba hayamhusu. Akasema, "Basi kaa na nyumba yako."

Mvua za vuli zimeanza.

Baba yako


Kigombe, 19 Januari 2025

Mwanangu Loveness,

Nakusalimu. Sikuulizi hali, maana hali yako naijua na aliyeisababisha namjua. Barua hii nimeiandika siku nne. Isome mpaka mwisho hata kama ni kwa chuki.

Sikuitembea ile njia.

Nilitoka mara tatu. Mara ya kwanza nilifika kwenye mti wa kwanza wa kambi nikaanguka. Mara ya pili hivyo hivyo. Mara ya tatu Semeni alinikuta nimekaa chini akasema, "Panda bodaboda, mzee, nusu saa umemaliza." Nikamwambia mimi Fanueli nibebwe kiti cha nyuma kwenye njia niliyoshinda, watu wa kambini wananitazama? Nikarudi nyumbani. Na hata ningebebwa, jicho la kulia halioni na la kushoto linaona moshi, midomo ya mtu naisoma akinisogelea tu. Sikutaka ulijue hilo. Nikakaa mezani nikaandika njia ya mwaka 84 kutoka kichwani. Ilinijia yote, mpaka kokoto zake. Nilifurahi wakati naandika. Hilo nalo ulijue.

Neno mundu halikuwepo kwenye daftari, mwanangu. Hukukosa kulisikia. Bryson alisoma nilichoandika, neno kwa neno kama alivyoahidi. Nilichoandika ni kaza, usiachie, njia imenyooka. Wewe ukakaza kwa sababu uliniamini. Hakuna dereva duniani asiyemwamini msomaji akabaki dereva.

Uliponiuliza, nilikuwa na jibu na nikakunyima. Nilijua wakati naandika ile barua ya mwezi wa saba. Nilisema usijilaumu sana. Neno "sana" nililiweka makusudi, ili ubaki na kidogo, ili changu kisionekane.

Na gari pia. Ulitaka la miguu minne na ukaniambia sababu, tope na masika. Ulisema la nyuma lina nafasi moja tu. Ulikuwa sahihi na mimi nililijua hilo kabla hujazaliwa. Ungekuwa na Subaru, pengine kosa langu lingepata dawa, pengine lisingepata, hakuna wa kusema. Lakini mimi nilikuchagulia gari lisilosamehe, halafu nikakuandikia kosa. Nilifanya hivyo ili nisikie ngurumo kifuani dakika moja.

Mwezi uliopita, baada ya Krismasi, nilimwomba Semeni anitafutie bodaboda. Hakunicheka. Nikabebwa mpaka kwenye mwinuko. Huyo kijana alinishika mkono akanielekeza, maana mimi naona ukungu. Pale ambapo njia yangu ilikuwa imenyooka pana mfereji wa maji, mpana, umejengewa. Njia imezungushwa kulia. Nikamwuliza ni wa lini? Akanionyesha vidole, miaka miwili. Mtu yeyote wa kambini angeniambia kama ningeuliza.

Kisha nikapanda basi mpaka Korogwe. Nilifika dukani kwa Mama Devota watu wamejaa. Nikasema nina neno, akasema ingia ndani, nikasema hapana, kosa umeambiwa mbele ya watu na ukweli uambiwe mbele ya watu. Shemeji zako wawili walikuwepo. Nikasema yote kama nilivyokuandikia hapa, na la macho nikasema. Mmoja alinyanyuka kunipiga. Mama akamzuia. Nilitaka asimzuie.

Wote walipokwisha kuondoka alinikalisha kwenye gunia la mchele, akakaa mbele yangu nimwone midomo. Sikumwomba msamaha, maana nilijua angenipa, yule ni mtu wa sala, na mimi ningerudi nyumbani na msamaha kama nimeshinda kitu. Akaniuliza jambo moja. Akasema, "Tangu mwezi wa tano nina swali, na kwa mwanao nilishindwa kuuliza kwa sababu nilikuwa na hasira naye, na sasa hasira sina pa kuiweka." Akauliza: "Pale juu, aliposoma, sauti yake ilikuwaje? Mwanangu alikuwa anaogopa, au alikuwa anacheka kama kawaida yake?"

Nilimwambia sijui. Sikuwepo, na hata ningekuwepo nisingesikia. Duniani anayejua ni mmoja.

Kwa hiyo barua hii usinijibu mimi. Sisemi hivyo kwa kununa kama nilivyokuwa nikinuna. Msafiri nimemwambia akipita na barua yako asiilete huku, ashuke nayo Korogwe, duka la pili kutoka stendi, mlango wa kijani. Mama anangoja. Amesema ukitaka kuja mwenyewe upite mlango wa uani kama zamani, usibishe hodi dukani kama mteja. Amesema hata jibu likiwa kwamba aliogopa, anataka kulijua.

Mwambie, mwanangu. Ulikuwa masikio ya Bryson.

Baba yako,
Fanueli